Moshi uliokandamiza gari: uzi wa ekzosi za Formula 1, 2010 hadi 2013

Kona Kali (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye uzi mwingine humu kuna ndugu kaandika kwamba ekzosi ya gari la Formula 1 ni "bomba la kutolea kelele tu". Ningemjibu mle ningeharibu uzi wa watu, ndiyo maana nafungua huu. Ni mrefu, jipangeni. Mwenye haraka arukie Silverstone 2011 (mbio za Uingereza), ndiko kwenye ugomvi.

Nianze na msimamo wangu kabisa ili anayetaka kubisha abishe mapema. Kuna miaka minne ambayo bomba la ekzosi liliamua nani awe bingwa, na siri yake haikuwa kwenye bomba. Ilikuwa kwenye programu ya injini.

Tuanzie chini ya gari. Gari la mbio likishika kasi, hewa inayopita chini ya sakafu inabanwa kwenye nafasi finyu, inakimbia zaidi, na shinikizo lake linashuka. Juu ya gari shinikizo limebaki kubwa, hivyo gari zima linasukumwa kwenye lami. Huo tuuite mkandamizo. Ukiwa nao mwingi unakata kona kwa kasi ambayo gari la kawaida lingeshatoka barabarani zamani. Sehemu ya nyuma ya sakafu inainuka na kutanuka, na hiyo ndiyo difyuza. Inaipa hewa nafasi ya kupanuka taratibu bila kuvurugika, na jinsi inavyofanya hivyo vizuri ndivyo inavyozidi kuvuta hewa nyingine kutoka mbele.

Adui wa difyuza ni tairi la nyuma. Tairi linapokutana na lami, hewa iliyo mbele yake haina pa kwenda, inafyatuka pembeni, na sehemu yake inaingia kwenye ukingo wa difyuza na kuvuruga kila kitu. Hapo hapo hewa ya nje yenye shinikizo kubwa nayo inatafuta upenyo wa kuingia chini ya sakafu. Kwa hiyo mhandisi anataka ukuta pale ukingoni, kati ya tairi na difyuza, lakini kanuni hazimruhusu kujenga ukuta.

Ila ana gesi ya ekzosi. Piga hesabu na mimi. Injini za wakati ule zilikuwa V8 za lita 2.4, kikomo mizunguko 18,000 kwa dakika. Mizunguko miwili inameza lita 2.4, yaani kama lita 360 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo ikitoka imechomwa, ina joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, na ujazo wake umekua kama mara nne. Ipitishe kwenye mabomba mawili ya upana wa milimita 75. Unapata gesi inayotoka kwa zaidi ya kilomita 500 kwa saa, kasi kuliko gari lenyewe! Ukiielekeza kwenye ukingo wa sakafu, mbele tu ya tairi la nyuma, umepata ukuta wa gesi. Mkaguzi akija na rula hana cha kupima.

Red Bull walifanya hivyo 2010 kwenye gari lao la RB6, kazi ya mbunifu wao Adrian Newey. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1983, kanuni zilipolazimisha sakafu bapa na timu zikapoteza mkandamizo mwingi kwa mkupuo, Renault walipuliza ekzosi ya turbo kwenye difyuza. Wengine wakaendelea hivyo hadi miaka ya 1990. Kisha Ferrari wakayatokeza mabomba juu ya gari mwaka 1998, na polepole wote wakahamia huko.

Walichofanya Red Bull majaribio ya kabla ya msimu 2010 ndicho huwa kinanichekesha. Mabomba yaliposhuka chini, walibandika stika zenye picha ya tundu la ekzosi pale juu ambapo zamani lilikuwepo, ili wapiga picha na wapelelezi wa timu nyingine wasishtuke haraka. Stika! Timu yenye wahandisi wa kiwango kile inajificha nyuma ya karatasi ya gundi. Siri haikudumu. Msimu ulipofika katikati, Ferrari, Mercedes na McLaren nao walishashusha mabomba.

Naendelea na sehemu ya programu baada ya kula.

Mzee wa Spana

Nimepiga kambi hapa. Ila jibu hili kabla hujaenda mbali. Kama ilikuwa tamu hivyo, kwa nini waliiacha miaka ya 1990? Mimi nafungua injini kila siku; gesi inatoka ukikanyaga mafuta. Ukiachia, haitoki kitu cha maana. Na dereva anaachia mafuta hasa pale anapoingia kwenye kona, ndipo anapouhitaji huo mkandamizo wako.

Buda wa Rongai

Mzee amegonga msumari. Lakini mimi swali langu ni moja tu: naeza weka hii kitu kwa Subaru yangu?

Kona Kali

Mzee wa Spana, umeniwahi, na umeeleza kuliko nilivyopanga kueleza. Hiyo ndiyo sababu hasa iliyowafanya waachane nayo. Gari lilikuwa na tabia mbili: ukikanyaga mafuta, nyuma imeshika, ukiachia katikati ya kona, mkandamizo unapotea ghafla na mkia unakuja mbele. Hakuna dereva anayelitaka gari la namna hiyo.

Sasa dawa yake. Kwenye gari hizi pedeli ya mafuta haina waya unaokwenda moja kwa moja injini. Inapeleka ishara kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua mlango wa hewa ufunguke kiasi gani. Wahandisi wakajiuliza: mlango huo unalazimika kufunga kwa sababu dereva ameondoa mguu? Kilichotakiwa na dereva ni nguvu isifike kwenye magurudumu. Hakuna aliyesema gesi isitoke.

Zikazaliwa njia mbili. Ya kwanza waliiita ya ubaridi: dereva ameachia mafuta, kompyuta inaacha mlango wa hewa wazi lakini inakata petroli na cheche. Injini inageuka pampu; inavuta hewa huku, inaisukuma kule hadi kwenye difyuza. Ya pili ni ya moto. Hewa inaingia, petroli kidogo inaingia, cheche inacheleweshwa sana. Mchomo unatokea pistoni ikiwa imeshashuka na vavu ya kutolea inafunguka, kwa hiyo nguvu inayokwenda kwenye magurudumu ni ndogo sana na nishati karibu yote inaishia kwenye bomba. Aliyeangalia mbio za 2011 anaukumbuka ule mlio wa kukwaruza, kama injini inakohoa kila gari linapofunga breki. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inachoma petroli kwa ajili ya difyuza.

Gharama ipo: petroli zaidi, vavu zinapikwa, mabomba ya Inconel (aloi ya kuvumilia joto) yanapikwa, na mwili wa kaboni faiba ulio karibu nayo unahitaji kinga. Walilipa bila kusita.

Buda, Subaru yako naijibu chini. Tulia.

Dada Gia

Niongezee kwenye 2011, maana msimu ule nauangalia kwenye kumbukumbu mpaka leo. Watu wanadhani Red Bull walikuwa peke yao. Wote walikuwa wanatafuta, na waliojaribu makubwa zaidi walikuwa Renault na R31 yao. Wakati wenzao wanashusha bomba nyuma, wao walilipeleka mbele kabisa, linatokea kwenye ukingo wa mbele wa ubavu wa gari, ili gesi ipite chini ya sakafu nzima. Mbio mbili za kwanza wakapanda jukwaani zote: Petrov wa tatu Australia, Heidfeld wa tatu Malaysia. Tukasema hawa ndio wameiona njia.

Hawakurudi jukwaani tena mwaka ule wote. Na Hungary gari la Heidfeld likawaka moto baada ya kukaa sana piti (pale gari linapohudumiwa katikati ya mbio), injini inanguruma na mabomba ya moto yamezungukwa na kaboni. Alikuwa ameshaungua hivyo hivyo kwenye mazoezi Hispania. Hungary ikawa mbio yake ya mwisho na timu ile.

McLaren nao walikuja na kitu tata sana kwenye majaribio, watu wakakiita pweza, kikawa kinawafia mikononi. Kabla ya Australia wakakitupa, wakatengeneza ekzosi ya mtindo wa Red Bull haraka haraka, na mbio ile ile dereva wao Hamilton akamaliza wa pili. Hilo peke yake linakueleza wazo la Newey lilikuwa na nguvu kiasi gani.

Kona Kali

Asante dada, madini matupu. Kwenye R31 mimi nina neno moja: tatizo lao lilikuwa kona za polepole. Bomba likiwa mbele, gesi ina safari ndefu kabla ya kufika panapouma. Gari likiwa na mwendo na injini inavuta, sawa. Kwenye kona za taratibu faida inayeyuka.

Takwimu za RB7, gari la Red Bull la 2011, ziko hivi: mbio 19, kuanza nafasi ya kwanza mara 18. Moja tu waliikosa, Korea, akaichukua Hamilton. Ushindi 12, kati ya hizo 11 za dereva wao Vettel. Angalieni tofauti kati ya 18 na 12. Jumamosi walikuwa hawagusiki kwa sababu kwenye mchujo (wa kupanga nafasi za kuanzia) waliweza kuweka programu kali kabisa. Mzunguko mmoja, petroli na vavu si tatizo. Jumapili inabidi ulegeze. Ndiyo maana pigo la kwanza la FIA (shirikisho linalosimamia mbio hizi), kuanzia mbio za Valencia Juni 2011, lilikuwa kukataza kubadilisha programu ya injini kati ya mchujo na mbio.

Pigo la pili lilipangwa Silverstone, Julai. FIA, chini ya hayati Charlie Whiting upande wa ufundi, wakasema dereva akiondoa mguu, mlango wa hewa usizidi asilimia 10. Hoja yao ilikuwa kwamba injini imegeuzwa kifaa cha kuelekeza hewa, na kanuni haziruhusu hivyo. Renault, waliokuwa wakiwapa Red Bull injini, wakasema wao wanahitaji mlango wazi ili injini idumu, wakaruhusiwa hadi asilimia 50. Wenye injini za Mercedes wakauliza, na sisi je? Nao wana sababu zao za kuchoma petroli mguu ukiwa juu. Ijumaa ile Horner, bosi wa Red Bull, na Whitmarsh, bosi wa McLaren, wakakwaruzana kwenye mkutano na waandishi, kamera zinawaka. Masharti yakabadilika ndani ya wikendi moja, timu hazijui zitakimbia na programu gani.

Jumapili Alonso akashinda na Ferrari. Sitaki mtu aniambie ilikuwa kanuni tupu, maana Vettel aliharibiwa piti na jeki ya nyuma. Lakini ilisaidia. Baada ya hapo timu zote zikakubaliana, na kuanzia Ujerumani mambo yakarudi yalivyokuwa Valencia, hadi mwisho wa msimu. Marufuku yenyewe ikasubiri kanuni za 2012.

Maoni yangu: FIA walikuwa sahihi kuizuia na walikosea kabisa kuizuia katikati ya mwaka. Timu imejenga gari zima kuzunguka jambo lililopita ukaguzi tangu Machi, halafu Julai unawaambia liondoeni.

Mzee wa Spana

Sikubaliani. Injini kazi yake ni kuzungusha magurudumu. Kama inachoma petroli dereva akiwa kwenye breki, huo ni ujanja wa kukwepa kanuni, na ujanja unazuiwa siku unapogundulika. Mwizi hapewi muda amalizie msimu.

Kona Kali

Mzee, mwizi gani anayekaguliwa kila wikendi na kupitishwa? Hapo tutakubaliana kutokubaliana.

Mtoto wa Kariakoo

Mimi ni mgeni wa haya mambo, swali la kizembe. Wakishazuia 2012 si ndiyo ilikwisha? Mbona kichwa cha uzi kinasema hadi 2013?

Kona Kali

Hilo swali si la kizembe hata kidogo, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kanuni za 2012 zilijaribu kufunga mlango wote. Mabomba yapande juu, mbali na sakafu. Mwisho wake uwe duara kamili, upana usiozidi milimita 75, na uelekee juu kati ya nyuzi 10 na 30. Programu za kupuliza mguu ukiwa juu zikabanwa. Ukisoma hivyo unasema kwisha kazi: bomba linaangalia angani, difyuza iko chini.

Nenda jikoni. Fungua bomba la maji lichirizike wima, sogeza mgongo wa kijiko hadi uguse yale maji. Yatakivuta kijiko, na yenyewe yatapinda kufuata mgongo wake badala ya kudondoka wima. Kitu kinachotiririka kikikutana na uso uliopinda kwa ustaarabu huwa kinaung'ang'ania. Jina lake linatokana na Mromania Henri Coandă. McLaren MP4-27 ilikuwa ya kwanza kuonyesha matumizi yake: bomba linaelekea juu kama kanuni inavyotaka, lakini nyuma yake mwili wa gari umechongwa ushuke kwa mpindo. Gesi inatoka ikielekea juu, inang'ang'ania mpindo, inateremka hadi pale pale mbele ya tairi. Hewa inayopita juu ya ubavu nayo inaisukuma ishuke. Sauber nao walikuwa na lao mapema. Mwaka 2013 gari karibu zote zilikuwa na mpindo huo.

Kanuni iliandika bomba lielekee wapi. Gesi ikishatoka, haijasoma kanuni.

Na ule mchezo wa programu haukufa. Hockenheim, Ujerumani, 2012 mkaguzi wa FIA, Jo Bauer, aliripoti kwamba injini za Red Bull zinatoa nguvu pungufu ya kawaida kwenye mizunguko ya kati, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Ukipunguza nguvu namna hiyo unapata mambo mawili, magurudumu hayatelezi na gesi inaendelea kutoka nyingi. Wasimamizi hawakuwaadhibu, ingawa waliandika kwamba hawakubali hoja zote za timu. Siku chache baadaye kanuni ikakazwa.

Dada Gia

Sasa tufike kwa Vettel, maana ndiko kila mjadala wa hivi unakoishia. 2013 alishinda mbio tisa mfululizo, Ubelgiji hadi Brazili. 2014 mabomba yakabadilishwa, hakushinda hata moja, na mgeni Ricciardo kwenye gari lile lile akashinda tatu. Wenye chuki naye wanasema alikuwa bingwa wa moshi.

Mimi nasema gari lile lilitaka dereva wa aina yake. Unaingia kona ya polepole, mkia unaanza kuhama, na mwili wako wote unakuambia achia mafuta. Yeye anakanyaga. Gesi inatoka, difyuza inashika, gari linatulia. Inataka uiamini kompyuta kuliko mgongo wako. Webber, mwenzake wa timu, hakuizoea kwa kiwango kile, na Webber si dereva wa kubeza. Angalieni pia mwanzo wa 2012, kabla Red Bull hawajauweka sawa ule mpindo: wawili hao walikuwa karibu sana. Na kabla ya yote, Monza 2008, kwenye mvua, akiwa na Toro Rosso, Vettel alishinda bila ekzosi ya kupuliza chochote. Bingwa wa moshi gani huyo.

Mzee wa Spana

Hapo dada nakuunga mkono. Kuujua mtambo uliopewa nako ni udereva.

Buda wa Rongai

Na Subaru yangu?

Kona Kali

Buda, haya. Kwanza, nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 60 kwenda 180 kwa saa, inaongezeka mara tisa. Kwenye foleni ya Nairobi mkandamizo wako ni sifuri, hata upulize nini. Pili, chini ya Subaru hakuna sakafu bapa. Kuna shafti, tangi la mafuta, ekzosi yenyewe na miguu ya gari, na hewa imeshavurugika kabla haijafika nyuma. Tatu, unapeleka gesi ya moto karibu na tairi na hosi za breki. Usithubutu.

Lakini binamu wa kupuliza kwa moto unamjua. Ukisimama Naivasha wakati wa Safari Rally ukasikia gari linapiga risasi kila dereva anapoachia mafuta, ule ni mfumo wa kuzuia turbo isizubae. Petroli na hewa vinachomwa ndani ya mabomba ili turbo iendelee kuzunguka mguu ukiwa juu, dereva akikanyaga tena nguvu ipo tayari. Kazi tofauti, fundi mmoja.

Mtoto wa Kariakoo

Kwa hiyo 2014 walimaliza kabisa? Na sasa hivi ekzosi haina kazi?

Kona Kali

2014 walibadilisha injini, na hilo lilifanya kazi kuliko kanuni zote za mabomba. V6 ya lita 1.6 yenye turbo, na kwenye turbo imefungwa mota ya umeme inayovuna nishati ya gesi. Gesi inayobaki imeshanyang'anywa sehemu kubwa ya nguvu yake. Halafu wakalazimisha bomba moja tu, katikati, nyuma kabisa, likiwa limeshaipita difyuza. Mashabiki wakalia kelele imekufa, hadi Mercedes wakajaribu bomba lenye mdomo wa tarumbeta Barcelona mwezi Mei mwaka ule. Halikusaidia kitu, na sura yake Mungu asamehe. Mwaka 2016 wakatenganisha mabomba ya gesi inayoruka turbo, ndiyo maana mliona gari lina tundu kubwa na vidogo kando yake.

Na bado watu hawakukoma. Mwaka 2018 Renault walielekeza lile bomba la katikati lipulize chini ya bawa la nyuma, wakapaka tumbo la bawa kinga ya joto, na wakijitetea kwamba faida ni ndogo tu.

Kwa 2026 ile mota ya kwenye turbo imeondolewa. Kwa hiyo gesi inayotoka haivunwi tena na umeme, na mtu wa kwanza kulifikiria hilo hakika hakuwa mimi. Atakayeona picha nzuri ya nyuma ya gari lolote la mwaka huo, iliyopigwa kwa karibu, aiweke hapa tuichambue.